Makomamanga niliyoyaivisha ndani ya shimo la ndizi

Sitaficha, sababu kuficha hakutanisaidia kitu: hata leo kuna batu hapa Butembo wenye kunikuta njia ya soko na, mbele hata ya kunisalimia, banauliza kama juma hili nimeivisha nini ndani ya shimo, na miye ninapita kama sikusikia, na miaka imekwisha kuwa mingi, lakini masikio yangu bado yanashika moto. Miye ni mutu wa kukemea batoto ba wengine kwa barabara. Ni miye mwenye kumwambia bibi-arusi mbele ya batu kwamba kitenge chake kimefungwa mubaya. Donc, basi, mutaelewa kwa nini siku nilipoaibika, bamama ba kartie, mutaa wetu, balifurahi kama Noeli imefika. Wacha niseme mwenyewe, kwa mudomo wangu, sababu habari imekwisha kuongezwa chumvi (kuna mwenye kusema padri alianguka. Padri hakuanguka. Nitafika hapo).

Ilianza na Kavira. Alifika kwetu mwaka vita ya pili ilipokuwa imeshika barabara ya Beni, batu banapita mbele ya nyumba yangu asubuhi mpaka jioni na magodoro, na mbuzi, na sufuria kwa kichwa, na yeye akapita peke yake, mikono miwili imekumbatia kifurushi cha maganda ya mugomba, namna mutu anabeba mutoto mwenye homa. Nilizani ni nyama. Nikamwita apumzike, nikamupa maji, nikamuuliza amebeba nini, na akafungua: vijiti. Vijiti vinane, unene wa kalamu, vimelala ndani ya maganda yenye kulowana. Nikajiambia, masikini, vita imemuharibu kichwa.

Lakini kichwa chake kilikuwa kizima kupita changu. Mama yake alikuwa na aina tatu za mukomamanga kwa parsele, kiwanja chao cha Beni, alizipewa na muzee mumoja mwislamu jirani yao, na siku basoda, askari ba vita, balipoanza kuchoma nyumba, Kavira aliingia nyuma na kisu, akakata vijiti kwa kila muti, akaacha godoro lake jipya, akaacha hata viatu, ili mikono ibaki na nafasi. Bwana yake alikuwa amekwenda Manguredjipa kutafuta zahabu na hakukuwa na habari yake. Nilimuuliza, mwanangu, unaacha godoro unabeba fito? Alinijibu bila kukasirika kwamba godoro linauzwa kila soko, lakini ile miti, mahali pengine hajaiona.

Nikamupa chumba cha nyuma. Na miti pia nikaipa mahali, lakini hakuipanda siku ile. Siku tatu alizunguka parsele yangu anaangalia jua, mimi nikimuangalia kwa dirisha ya jiko (nilitaka kujua anaiba nini). Butembo ni baridi, munajua, na mvua yetu haiombi ruhusa, na mukomamanga unapenda joto na mahali pakavu. Mwishowe akachagua ukuta wa matofali nyuma ya jiko langu, ule wenye kupata jua la saa tisa, akasema matofali yanakunywa moto muchana na kuutoa pole pole usiku. Akachimba, akatia mawe madogo chini ili maji yasikae, akatia majivu na mavi ya mbuzi ya mwaka uliopita, mapya akayakataa. Miye nimelima tangu sijamaliza kuota meno, na sijaona mutu mwenye kubembeleza udongo namna ile.

Vijiti vitano vilishika. Na hapo ndipo nilijifunza kwamba komamanga si moja. Kuna ule alioita Mwekundu, una miiba, matunda yake yanageuka rangi mapema, ukiyaona unasema tayari, kumbe ndani bado ni uchachu mutupu, yanataka kukaa ku muti mpaka uchoke kuyangojea. Kuna Mweupe, matunda yake yanabaki manjano-manjano hata yakiiva, na alama kidogo ya rangi kwa shavu, ganda laini, mbegu laini, utamu. Na kuna Kafupi, unafika kwa goti, unatoa maua mwaka muzima na tunda lake ni kama ndimu, hakuna mwenye kulila. Nilimuuliza huyu bure unamulisha mavi ya mbuzi yangu kwa nini. Akasema huyo ndiye anaita nyuki kwa ajili ya wenzake. Nilinyamaza. Miye kunyamaza, muandike.

Miaka mitatu alingoja, na vita nayo ilikuwa ingali. Mwaka miti ilipotoa maua mengi, yeye aliangusha sehemu kubwa na mukono wake mwenyewe, akabakiza machache, akisema muti mudogo ukizaa vingi unachoka. Kwa Mwekundu yalibaki matunda tisa, kwa Mweupe sita. Kila tunda akalifunga kitambaa cha zamani kwa sababu ya ndege na mvua, asubuhi anakwenda kuyafungua moja moja na kuyaangalia, kisha anayafunga. Kama mutu anayeosha batoto.

Sasa, musikilize vizuri. Mutoto wangu Kasereka alikuwa anataka kuoa, na matofali ya nyumba yake yalikwisha kupangwa karibu na ule ukuta. Nilikuwa nimemwambia Kavira kweli yote: kiangazi kikifika, miti itaondoka. Hakulia. Alikwenda kwa padri. Parokia ilikuwa na kipande cha udongo kirefu chembamba pembeni ya ukuta wao wa matofali, jua linapiga vizuri, na Kavira aliomba apande pale vijiti vipya. Lakini Mama Leontine, prezidante wa bamama, alikuwa amekwisha kukiomba kwa ajili ya kabichi. Padri akasema Siku ya Bwana ya matoleo ya mavuno kila mumoja alete kile anacholima, tutaonja, kisha nitaona. Maana yake: Kavira akileta matunda mazuri, miti ya mama yake itapata mahali. Akileta mabaya, au akikosa kuleta, Kasereka ataikata na itakuwa mwisho, hakuna tena Beni wala Butembo.

Juma lile lile, habari ikatoka Mangina kwamba dada yake anaumwa. Ilikuwa lazima aende. Aliniambia neno moja tu mbele ya kupanda gari:

“Mama, matunda usiyaguse. Siku ya posho, mbele ya Siku ya Bwana ya matoleo, nitarudi, nitachuma mwenyewe yale yaliyo tayari.”

Nikaitika. Niliitika na kichwa na mudomo, yote mawili.

Siku ya ine, Alhamisi, basoda babili balipita nyuma ya lupango, ua wa nyumba yangu. Balichuma avoka zangu, hilo nilizoea, lakini mumoja alisimama akaangalia yale mekundu muda murefu, kitambaa kilikuwa kimefunguka na tunda linawaka kama taa. Balipokwenda, moyo wangu ukaanza kusema: usipochuma weye, batachuma bao, na Kavira akirudi utamwambia nini? Na tena ni mekundu, mutu mwenye macho anaona kama yameiva. (Mutu mwenye macho. Nilimusahau mwenye macho ni nani.) Basi nikachuma yote tisa ya Mwekundu, nikayavuta na mukono, matawi yanalia. Yale sita ya Mweupe niliyaacha, yalikuwa na rangi ya mutu mwenye ugonjwa wa ini, nikayaita ya bagonjwa, nikasema hayo hata soda hatayataka.

Nikayaminya. Magumu kama mawe. Mais lakini hilo halikunitisha, sababu kama kuna kazi moja ambayo kartie nzima inajua kwamba ni yangu, ni kuivisha: unanipa ndizi ngumu ya kuvunja jino, unarudi siku ya tano unakuta asali. Unachimba shimo, unatandika majani ya mugomba, unapanga, unafunika, moshi unapita kwa tundu. Hapa lazima nitubu jambo lingine. Wakati wa Kwaresima nilikuwa nimesimama mbele ya shirika letu zima na kuapa kwamba nimeacha kutengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, sababu basoda balikuwa banakuja kunywea kwangu na kupigana, na bamama balinipigia mikono, na Papa Kambale katekista alinitaja kama mufano. Sasa, ndugu ya marehemu bwana yangu alikuwa na mahari ya mutoto wake, na mahari bila kasiksi si mahari, donc nyuma ya jiko, chini ya majani, shimo moja, dogo tu, lilikuwa limekwisha kulala na ndizi zake. Nilichofanya ni kuwasogeza ndizi kidogo, na kuwapa bageni tisa.

Siku ya posho Kavira hakurudi. Balisema bariyeri ya barabara imefungwa. Siku ya Bwana asubuhi nikafunua shimo, na ndizi zilikuwa nzuri, namushukuru Mungu, lakini makomamanga, rangi ilikufa, ganda limekuwa kama kiatu cha muzee. Yalikuwa bado magumu. Kila mutu mwenye akili angeacha hapo, angekwenda kanisani mikono mitupu na kusema ukweli. Miye nilichukua chupa ya mawese. Nikayapaka moja moja na kitambaa, na kweli, yakawaka, mekundu kupita yalivyokuwa ku muti, nikayapanga ndani ya beseni na nikajiangalia ndani ya dirisha nikaona mutu mwenye kusaidia wengine.

Wakati wa matoleo bamama tunaingia tukicheza, beseni kwa kichwa. Kanisa lilijaa, joto limepanda, na beseni langu lilikuwa na tundu kidogo pembeni, ambalo sikulijali kamwe kwa sababu kwa maharagwe halina shida. Mawese yakaanza kushuka. Kwanza kwa kilemba changu cheupe, kisha kwa paji la uso, kisha kwa pua, na miye ninacheza, siwezi kupangusa sababu mikono iko juu, nimepakwa mafuta kama mufalme wa Agano la Kale. Na harufu. Joto lilifungua ile harufu, moshi na ndizi na uchachu wa kasiksi, ikatembea mbele yangu katikati ya viti, na Papa Kambale, muzee aliyeacha pombe tangu ujana wa batoto wake, akageuza kichwa pole pole kama mutu mwenye kusikia jina lake linaitwa kutoka mbali.

Kiisha misa tukatoka kwa uwanja, meza imetandikwa, kabichi za Mama Leontine zimekaa pale kubwa kama vichwa vya ng’ombe, na beseni langu. Padri akashika komamanga la kwanza ili alikate, na mawese yakafanya kazi yake: tunda liliruka toka mukono wake, akalifuata, akateleza hatua mbili, akashika kabichi, akasimama. (Ni hapo banasema alianguka. Alishika kabichi.) La pili akalishika na kitambaa, akalikata. Ndani palikuwa peupe, mbegu kama meno ya mutoto, na pembeni zimeiva kwa moshi, rangi ya ugoro. Padri ni mutu mwenye adabu, alitia mbegu tatu kinywani, akafunga macho, na hakuyafungua upesi. Papa Kambale naye akaonja, akanusa vidole, na akasema na sauti ya kusoma somo:

“Padri, tunda hili linanuka kama kwa Mama Kasereka.”

Mama Kasereka ni miye. Na hapo uwanja muzima ulielewa shimo, na kasiksi, na kiapo cha Kwaresima, yote mara moja, na kicheko kilichotoka pale kilitisha njiwa za parokia. Ningenyamaza. Hapana, nikafungua mudomo, nikasema kwamba ndivyo yalivyo, kwa Beni banakula hivi hivi, ni dawa ya tumbo, na ili baniamini nikachota mukono mujao nikatia kinywani na kutafuna, ninatabasamu, na mashavu yangu yakaingia ndani mpaka yakasalimiana, na machozi yakakutana na mawese kwa kidevu.

Mama Leontine hakucheka. Alisema tu, na utulivu, kwamba kabichi haina maelezo mengi, unapika unakula. Na padri akaangalia kile kipande cha udongo pembeni ya ukuta, akaniambia na huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliniumiza:

“Mama, kama tunda ndilo hili, bora ukuta wangu ulee kabichi.”

Hapo niliacha kutabasamu. Nilikuwa nimezani ninaokoa matunda tisa, kumbe nimepoteza ukuta. Mwanamuke aliacha viatu vyake ndani ya moto kwa ajili ya fito nane, na miye nimezimaliza kwa siku tatu na chupa ya mawese.

Na ni wakati ule ule Kavira alipoingia kwa mulango wa uwanja. Vumbi mpaka magoti, kifurushi begani, gari ilibakia kwa bariyeri na yeye akatembea tangu mapambazuko. Batu balimupisha. Alifika kwa meza, akaangalia beseni, akaangalia kilemba changu, mafuta yalikuwa bado yanashuka. Nilingojea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea, hata yale ya kutaja mama yangu. Alichukua tunda moja, akalikwangua na ukucha, akanusa.

“Mama, uliyachuma siku gani?”

“Siku ya ine.”

“Yalibakiza majuma matatu.” Ni hivyo tu. Kisha akauliza pole pole: “Na yale ya manjano?”

“Yale ya bagonjwa? Yangali ku muti.”

Alitoa pumzi kama mutu anayetua muzigo. Akageukia padri, hakusema kwamba miye ni mujinga, na alikuwa na haki ya kusema. Alisema: “Padri, haya uliyoonja ni kazi ya shimo, si kazi ya muti. Muti wangu haujasema bado. Ni karibu, kuja uusikilize.”

Basi padri akaenda, na uwanja wote nyuma yake, na mbele ya kufikia ule ukuta ni lazima kupita penye shimo langu, ambalo asubuhi kwa haraka niliacha wazi, ndizi zinacheka ndani, na muvure wa kukamulia pombe umelala pembeni. Nilikimbia mbele, nikasimama nimetandaza kitenge na mikono miwili, lakini miye si mupana kama shimo. Padri alikunja kanzu, akaruka. Kila mutu aliruka, mumoja mumoja, Mama Leontine pia, na kila mwenye kuruka aliniangalia.

Kwa muti, Kavira alinyamazisha batu na mukono. Alifungua kitambaa cha kwanza, akagonga tunda na ukucha, akaweka sikio. Hapana, akalifunga. La pili, akagonga, na hata miye nilisikia, sauti kavu, imekaza, kama kopo dogo. Akatuonyesha kwamba tunda lililoiva linaacha kuwa mviringo, linatoa mbavu, na ganda linaacha kung’aa (ndiyo, linaacha kung’aa, na miye na mawese yangu). Akalikata na kisu kwa kikonyo, hakulivuta. Hakulipasua katikati, alilichora tu kwa ganda, akalivunja na vidole, likafunguka vyumba vyumba, na ndani palikuwa na rangi ya ufizi wa mutoto mudogo, mbegu zimejaa maji, zinaangaza.

Padri akala. Mara hii macho yalibaki wazi. Papa Kambale alinyosha mukono mara ya kwanza, na mara ya pili akaunyosha kama vile ni mukono wa mutu mwingine. Kavira alikuwa anaeleza na sauti ya chini, kwamba Mweupe ni wa kula sasa, haungoji, na Mwekundu ukiuachia wakati wake unawekwa miezi na hauozi, na Kafupi anaita nyuki, na mama yake alimukataza kupanda mumoja bila wenzake, sababu mwaka mubaya haujulikani utamupiga nani. Mwanamuke aliyelala chumba changu cha nyuma miaka mitatu, na miye nilimuona kama mutu niliyemusaidia. Siku ile nilimuona kama mutu ninayepaswa kumwamkia.

Mama Leontine alitafuna muda murefu. Kisha akauliza kama miti hiyo ikikaa kwa ukuta inaweza kuzuia kabichi jua. Kavira akasema hapana, ukuta ni wa miti, mbele ni ya kabichi, na maji ya kabichi yasifike kwa miti. Wakaelewana wao wenyewe, padri akaitika tu. Akauliza panahitajika mashimo mangapi. Kavira akasema kumi na mawili.

“Basi mashimo,” padri akasema, na akageuza macho kwangu bila kucheka, “tumwachie Mama Kasereka. Leo sote tumeona kwamba anajua kuchimba.”

Nilichimba juma zima. Ukuta wa parokia uko kwa barabara, munajua, na hakuna aliyepita bila kunitakia kazi njema, kuna bengine balipita mara mbili. Kavira alikuja na mawe madogo na majivu, na kwa siku zote zile hakunilaumu hata na nusu ya neno. Nikimaliza shimo, alichungulia, na alisema: “Ongeza kidogo, Mama.” Nikaongeza.

Kavira alirudi Beni vita ilipotulia, na vijiti vyake ndani ya maganda ya mugomba, vya aina zote tatu, na mara hii alivaa viatu. Miti ya ukuta ingali. Kila mwaka matunda yakikaribia, ninakwenda pale ninagonga na ukucha, ninaweka sikio, na hata nikisikia ile sauti ya kopo, ninaweka mikono nyuma ya mugongo na kumutumia Kavira habari Beni, aje achume mwenyewe. Mwekundu uwe mwekundu namna unataka. Sitagusa tunda la mutu ambaye bado yuko njiani, na mawese yangu yanabakia ya kupikia sombe, majani ya muhogo.

Na shimo? Shimo lipo, la ndizi tu, na dogo. Padri wa sasa ni mupya, hajui kitu, na sioni sababu ya mutu kumwambia.